Nilimtengenezea mama mkwe kiti cha heshima, akashindwa kuinuka

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo mvua imetufungia Kibondo nzima, wateja hakuna, nimekaa na simu nikaona niwaletee hiki kisa. Sitii chumvi. Mke wangu naye ni member humu, nikiongeza hata neno moja atanianika kwenye comment ya kwanza.

Mnijue kidogo kabla sijaenda mbali.

Nauza spea za pikipiki hapa mjini. Duka liko mbele, nyumba iko nyuma, ua ni huo huo mmoja. Useremala kwangu ni hobby. Sijasomea popote, nimejifunza kwa video za mtandaoni na kwa kuharibu mbao. Nilianza na shelfu za duka, zikasimama. Nikatengeneza stuli, ikacheza kama ngoma. Nikatengeneza nyingine, ikatulia. Tangu hapo nikishika randa hata njaa naisahau.

Jirani yetu Bi Zubeda, mwenye duka la vitenge, asili yake Ujiji, akiniona na msumeno huwa anasema, "Haya, mwenye spea kaanza kuua miti tena." Nimeshamzoea.

Kisa chenyewe kinamhusu mama mkwe wangu.

Mama alikuwa anaishi peke yake Kitahana, analima maharage na muhogo wake, hamtegemei mtu. Siku moja aliteleza shambani akavunjika nyonga. Alilazwa muda mrefu. Alipotoka hakuweza tena kukaa peke yake, na mke wangu ndiye mtoto pekee aliye karibu, kwa hiyo akaja kwetu.

Pale hospitali mtu wa mazoezi alituambia jambo moja, akalirudia mpaka likatuingia. Mama asikae chini kwenye mkeka, asikae pa chini sana, na ainuke mwenyewe kila mara kwa kutumia mikono. "Mkizoea kumwinua," alisema, "atakuja kuwa mtu wa kitandani."

Sasa hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Mke wangu anafanya biashara ya maharage. Leo yuko Kasanda anakusanya, kesho yuko Kasulu anauza. Watoto wanashinda shule. Mchana kutwa nyumbani tunabaki wawili, mimi dukani na mama ndani.

Na mimi simgusi mama mkwe.

Najua vijana wa mjini mtacheka. Siyo Waha wote wa leo wanaoshika hilo, lakini mama ni wa zamani kabisa. Mkwe wa kiume humshiki mkono, huingii chumba alichomo, hata kuzungumza naye uso kwa uso ni kwa shida. Kule kukubali tu kulala nyumba ya mkwe kulimtoa machozi. Akitaka kuniambia kitu na mke wangu hayupo, anawaambia kuku.

Sitanii. Atakaa mlangoni, aseme kwa sauti, "Nyie kuku, mwambieni mwenye nyumba mvua inakuja, nguo ziko nje." Mimi dukani nasikia, natoka, naanua nguo. Tukaishi hivyo, na kwa kweli tulikuwa tunasikilizana vizuri kuliko wakwe wengi wanaoongea.

Msichana wa kazi tulimpata, akakaa kidogo, akapata mchumba akaenda zake. Mwingine hatukumpata.

Kwa hiyo tulihitaji kiti ambacho mama atakaa na kuinuka bila kushikwa na mtu.

Cha plastiki tulijaribu. Akikandamiza mikono, miguu ya kiti inatawanyika. Nusura aanguke tena. Sofa ndiyo kabisa, linammeza. Nikasema basi, nitatengeneza mwenyewe.

Nikanunua mninga mzuri, mkavu. Fundi mmoja wa barabara ya hospitali aliniuliza napeleka wapi mninga wote ule, nikamwambia kiti cha mama mkwe. Akacheka akasema, "Usimuaibishe mke wako."

Nikapandisha mabega. Mimi ni mbishi wakuu, ukiniambia sitaweza ndiyo umenitia mafuta.

Sasa kiti cha kuinukia kinahitaji vipimo vya mwenyewe. Kutoka kisigino mpaka goti, kutoka goti mpaka kiunoni. Mimi siwezi kumpima, nikamtuma mke wangu.

Asubuhi moja mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mke wangu akapiga magoti na futi, akaiweka kisiginoni na kuanza kuipandisha. Mimi nilikuwa uani na randa, mbao nimezisimamisha ukutani. Dirisha liko wazi.

Mama akaiangalia futi. Akaangalia dirishani, akaziona zile mbao, akaniona na mimi.

"Mmeanza kunipima?" akauliza.

Mke wangu akacheka. "Mama, ni kiti. Intebe tu."

"Mtu anapimwa mara moja," mama akasema. "Toa hiyo kamba yako mguuni kwangu."

Hapo tulikuwa hatujafikiria kabisa. Mafundi mbao wa kwetu huku, hasa wale wa barabara ya hospitali, wanatengeneza vitanda upande huu na majeneza upande ule. Mzee mgonjwa akiona mbao zimeletwa, halafu anapimwa na futi, unataka awaze nini?

Siku ile hakula. Ilibidi mke wangu aizungushe futi na kuificha, na mimi nizilaze mbao zile nyuma ya duka asizione. Hoja ya vipimo ikaishia hapo.

Nikabaki na kubahatisha.

Na mtu anayebahatisha kiti cha mkwe, wakuu, habahatishi kidogo. Kiti cha mkwe ni heshima. Unawaza watu wataingia watakiona. Unawaza mama mwenyewe ajue kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa hovyo. Basi nikakitengeneza kama cha mgeni rasmi. Mgongo mrefu, nikauchonga maua juu. Kikalio kirefu kwenda ndani, cha kujinafasi. Nikakilaza nyuma kidogo ili apumzike. Mbele, kati ya miguu miwili, nikapitisha mti wa kukaza. Mikono mipana, inapinda vizuri. Juu nikaweka mto mnene wa sponji.

Nilifanya kazi asubuhi kabla ya kufungua duka na jioni baada ya kufunga. Klampu sina, kwa hiyo nilikuwa nazungushia tyubu za pikipiki kwenye viungo na kuzivuta mpaka zinalia. Kwa tyubu sina shida, ndiyo biashara yangu. Nikapiga msasa mpaka mninga ukaonyesha mistari yake, nikapiga vanishi.

Aisee kilipendeza. Nasema bila aibu, kilipendeza.

Yule fundi wa barabara ya hospitali alipita kukiona, akakizunguka, akaguna tu. Bi Zubeda akasema, "Leo nimeufyata."

Mke wangu na Bi Zubeda wakamketisha mama. Nikasimama nje ya mlango, siangalii ndani moja kwa moja. Nikasikia makofi yale ya taratibu, ya salamu zetu za Kiha, halafu sauti yake.

"Mwakoze. Intebe ya mwami hii."

Yaani asante, hiki ni kiti cha mfalme. Nilitembea mpaka dukani kama nimepewa cheo.

Kipindi kile mvua zilikuwa zimeharibu barabara, mke wangu hakusafiri. Alikuwa anashinda nyumbani, anamketisha mama, anamwinua. Sote tukasahau kwamba kiti kile kilikuwa cha kazi gani.

Barabara zilipokauka akaenda Kasulu na mzigo wake. Asubuhi kabla ya kuondoka akamketisha mama kwenye kiti, akamwachia fimbo yake, akamwomba Bi Zubeda awe anachungulia. Bi Zubeda naye siku hiyo akapata msiba wa ghafla upande wa pili wa mji, akafunga duka akaenda. Mimi sikujua kwamba hajachungulia.

Mchana nikapeleka chakula. Utaratibu wetu ni kwamba nakiweka kwenye kimeza karibu na mlango, nakohoa, naondoka.

Nikakiweka, nikakohoa, nikaondoka.

Baadaye nikapita nikakuta chakula hakijaguswa. Nikauliza nikiwa nje, "Mama, chakula hakijapendeza?"

"Nyie kuku, mwambieni sina njaa."

Nikarudi dukani. Kulikuwa na mteja anataka cheni.

Alasiri Bi Zubeda akarudi toka msibani, akaingia ndani moja kwa moja kumsalimia. Hakukaa hata kidogo akatoka, amejifunika mdomo kwa mtandio. Akaniita pembeni.

"Baba, niletee ndoo ya maji, uiweke mlangoni. Halafu uende dukani kwako na usigeuke nyuma."

Nikafanya alivyosema.

Alipomaliza akaja kunieleza, na alinieleza kwa upole ambao sikuuzoea kwake. Mama alikuwa amekaa kwenye kile kiti tangu mke wangu alipotoka. Alijaribu kuinuka ikashindikana. Kikalio kilikuwa kirefu mno, magoti hayafiki ukingoni. Kilivyolala nyuma kinamvuta. Akitaka kurudisha visigino nyuma ajisukume, ule mti wa mbele unavizuia. Na mto wa sponji unazidi kumzamisha.

"Chakula alikiacha makusudi," Bi Zubeda akasema. "Alikuwa anaogopa haja. Mwisho ikamshinda hapo hapo."



Mimi nilikuwa hatua chache kutoka pale, nauza cheni. Na yeye hakuita. Angeita ningefanya nini? Angejiaibisha zaidi, basi. Niliumia mpaka nikafunga duka mchana kweupe, kitu ambacho sijawahi kukifanya labda kwa msiba.

Najua kuna mtu yuko tayari kuandika kwamba ningeingia tu nikamwinua, mila gani hizo karne hii. Mkuu, ningemwinua siku ile, na kesho yake angeondoka hata kwa kutambaa. Mama mkwe wangu namjua.

Jioni mke wangu akarudi. Mama hakumlalamikia hata kidogo. Alimwambia hivi, na mke wangu aliniambia neno kwa neno huku analia.

"Kiti ni kizuri. Umukwe wangu ana mikono mizuri. Mimi ndiye sikitoshi. Nirudishe Kitahana, nikae chini kwangu."

Kukaa chini kwake maana yake ndiyo ile tuliyoambiwa hospitali. Atakaa mkekani, hatainuka, atakuwa mtu wa kitandani, na hakuna wa kumgeuza. Sote tulilijua hilo. Yeye pia alilijua.

Mke wangu alibembeleza mpaka akachoka. Wakaelewana kwamba gulio lijalo likipita, Nestori, kijana mmoja mwenye guta, mteja wangu wa siku nyingi, atampeleka.

Nikajisemea, mpaka hilo gulio lipite kiti kingine kitakuwa tayari. Sikumwambia mtu.

Tatizo likawa lile lile. Vipimo navipata wapi?

Baada ya ile siku mama alikikataa kile kiti. Hakusema amekikataa, alisema tu anataka kusaidia kuchambua maharage. Akawa anashinda stoo, kule mke wangu anakoweka magunia. Nilikuwa nasikia fimbo yake inakwenda stoo, na baadaye nasikia inatoka, inakwenda chooni, inarudi.

Siku ya kwanza sikutilia maanani. Siku iliyofuata nikasimama na spana mkononi nikajiuliza. Mke wangu yuko Kasanda. Bi Zubeda yuko dukani kwake, namwona. Sasa nani anamwinua mama kule stoo?

Hakuna. Anainuka mwenyewe.

Nilisubiri alipokwenda kulala mchana, nikaingia stoo na futi yangu.

Sasa kwa wasiojua, sisi maharage ya chakula na ya mbegu tunayahifadhi na majivu ili wadudu wasiingie. Stoo yetu sakafu yake ina majivu wakati wote, hata ufagie. Nikachuchumaa. Wanasema ukitaka cha uvunguni sharti uiname, na mimi niliinama mpaka pua ikakaribia sakafu.

Kila kitu kilikuwa pale.

Alikuwa anakalia gunia lililolazwa juu ya lingine. Pale katikati palikuwa na bonde, ndipo anapokaa. Nikapima kutoka sakafuni mpaka kwenye lile bonde, siyo mpaka juu ya gunia. Kumbe kimo chake kilikuwa tofauti kabisa na kiti changu.

Kwenye majivu kulikuwa na nyayo za aina mbili. Za kwanza ziko mbele, zimetulia, ndivyo anavyokaa akichambua. Za pili ziko nyuma, karibu zinaingia chini ya gunia, na vidole vimezama kuliko visigino. Ndivyo anavyoinuka. Anarudisha miguu nyuma kwanza, anaegemea mbele, ndipo anajisukuma.

Na mikono? Upande wa kushoto kulikuwa na gunia limesimama, juu yake pamebonyea kama kiganja. Kulia alikuwa anashika fremu ya mlango. Kushoto na kulia kote, mikono ilikuwa mbele ya magoti, siyo kandokando ya kiuno kama mikono ya kile kiti changu cha mwami.

Nikapima kila kitu, nikaandika kwa chaki kwenye ubao wa mninga. Mama mwenyewe yuko chumbani anakoroma, hakuna kamba iliyomgusa.

Nikatoka na majivu usoni. Bi Zubeda akaniona. "Umeibiwa au umeiba wewe?"

Nikamwambia, "Nakwenda kuvunja kiti."

Alifikiri natania mpaka aliponiona na msumeno nimeuegesha kwenye mgongo ule wa maua. Akaja mbio. "Wewe mwanaume una kichaa? Kiti kizuri hivyo? Si ununue mbao nyingine?"

Ningeweza kununua nyingine. Lakini sikutaka kile kiti kibaki ndani ya nyumba, kila mama akikiona akumbuke. Nikakata.

Gundi niliyoipaka kwa sifa zote zile ikanitesa. Viungo vimeshikana, havitaki kuachia. Vingine niligonga mpaka vikaachia, vingine nikakata nikaanza upya. Mgongo wenye maua nikaupasua, ukawa mikono. Mikono ya safari hii ni minene, imenyooka, inatokeza mbele kupita kikalio, na miisho yake nimeichonga duara ili kiganja kikae.

Hapo kuna hatari moja, wanaotengeneza viti watanielewa. Mtu akikandamiza mwisho wa mikono iliyotokeza mbele, kiti kinanyanyuka nyuma na kumpindua. Nilijaribu kwa kamba na misumari kabla ya kuunga, kikapinduka kweli. Nikasogeza miguu ya mbele mpaka ikawa chini kabisa ya ile miisho. Nikakandamiza kwa uzito wangu wote. Kikatulia.

Mti wa mbele nikauondoa. Nguvu yake nikaihamishia pembeni na nyuma, mbele pakabaki wazi visigino virudi vinavyotaka. Kikalio nikakifupisha. Mgongo mpya nikauweka mfupi, karibu usimame wima. Sponji nikaitupa. Juu ya mbao nikakaza kitambaa cha gunia, maana nguo haitelezi juu ya gunia.

Halafu mvua ikarudi na baridi yake. Wanaoijua Kibondo wakati wa mvua wanajua. Gundi haikauki. Nikaifungua tyubu, kiungo kikaniachia mkononi. Nikasafisha, nikapaka tena, nikakaza tena, nikahamishia kiti jikoni karibu na mafiga. Mke wangu akawa anapika anakizunguka. Hakuniuliza kitu. Aliponiona nimetoka na msasa asubuhi ya kabla ya gulio, akaniletea chai pale pale.

Vanishi sikupaka. Nilipaka mafuta tu, kikabaki na rangi yake ya mti. Kwa kweli kilikuwa hakina sura. Bi Zubeda alikiangalia akasema, "Hiki sasa ndicho umewatengenezea kuku."

Mke wangu akauliza, "Tumwambieje mama?"

Nikamwambia asimwambie kitu. Tukimwambia ni kiti, atakaa kwa heshima, atapiga makofi, atasema ni kizuri, na hatutajua ukweli. Nikaingia stoo, nikasogeza yale magunia, nikaweka kiti pale pale yalipokuwa, kwenye kimo kile kile. Mbele yake nikaweka ungo wake wa maharage.

Gulio likapita.

Asubuhi yake Nestori akafika na guta. Mizigo ya mama ilikuwa imefungwa, godoro limekunjwa. Mama akatoka na fimbo yake, amevaa kitenge cha safari. Akaangalia guta, akaangalia mlango wa stoo.

"Kuna maharage niliyaacha katikati," akasema. "Sipendi kuacha kazi katikati."

Akaingia stoo.

Nestori akazima injini. Mke wangu alikuwa ameshika fundo la nguo kifuani, hakulipandisha wala hakuliweka chini. Mimi nilisimama mlangoni mwa duka najifanya napanga plagi. Bi Zubeda alikuja kuaga, akakuta tuko kimya, akafungua mdomo, mke wangu akamwonyesha kidole. Akanyamaza. Bi Zubeda kunyamaza, wakuu!

Tukasikia maharage yanaangukia kwenye ungo. Muda ukaenda. Nestori akaanza kuangalia simu yake.

Maharage yakakoma.

Nilisikia mti ukilalamika kidogo, ule mlio wa kiungo kipya kikipokea uzito. Halafu nikasikia fimbo.

Mama akatokea mlangoni, amesimama. Akatupita wote bila kutuangalia, akaenda chooni. Akarudi, akatupita tena, akaingia stoo.

Tukasikia amekaa. Tukasikia ameinuka. Akakaa tena, akainuka tena. Hakuwa anachambua kitu, alikuwa anakijaribu kile kiti kama mtu anayejaribu jembe dukani kabla hajalilipia.

Mke wangu akaanza kulia kimyakimya. Mimi niliangalia plagi zangu, naona mbilimbili.

Safari ya mwisho mama akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa ufunguo.

"Wewe wa guta," akamwita Nestori. "Njoo."

Nestori akaenda, akapokea ufunguo kwa mikono miwili.

"Utafika Kitahana, utafungua. Kuna kinu na mafiga, uniletee. Kuna kajembe ka palizi nyuma ya mlango, uniletee. Kuku watakusumbua, mwite jirani akushikie. Ukimaliza funga."

Nestori akawa kama hajaelewa. "Bibi, na wewe hupandi?"

"Mimi nipande nikafanye nini huko?"

Halafu akawageukia kuku wetu waliokuwa wanaparura karibu na miguu yake.

"Na nyie, mwambieni umukwe wangu afungue duka vizuri. Watu wanasubiri."

Wala hakukuwa na mteja hata mmoja. Nikafungua duka vizuri.

Guta likaondoka tupu. Jioni likarudi na kinu, kajembe, mafiga yake, jogoo mmoja mkali, na mitetea iliyofungwa miguu. Bi Zubeda alisimama mlangoni kwake anaangalia vinavyoshushwa. Akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu kaagiza lake mwenyewe."

Hicho ndicho kisa changu, wakuu.

Nilichojifunza ni kwamba nilipotengeneza kiti cha kwanza nilikuwa nawaza watu watakaokiona. Cha pili nilimuwaza anayekikalia. Kama unatengeneza kitu cha mzee wako, acha kwanza maua na vanishi. Mtazame anavyoinuka siku ambayo hajui unamtazama, na kama huruhusiwi kumtazama, angalia sakafu. Na kiungo kikiachia, paka gundi tena.

Kwa sasa nina kazi nyingine. Ameagiza, kwa njia ya kuku, kiti cha kuweka juu ya tundu la choo. Mninga naogopa kuuweka kwenye unyevu wa kila siku. Mwenye uzoefu wa mti unaovumilia maji na kuoshwa oshwa anisaidie hapo chini, na mliowahi kuwatengenezea wazazi wenu vitu kama hivi leteni picha na mlipokosea. Wenye kubeza mila za watu nao karibuni, nitawajibu nikishamaliza kuchonga.

Mvua imepungua. Nasikia fimbo inakatiza uani kuelekea chooni, na hakuna aliyeitwa.